Tuwaulize wazee wetu wangali na kauli

Mhariri,

Baba yangu alipokuwa mahututi, daktari alituuliza: awekwe kwenye mashine ya kupumulia au la? Tulitazamana, ndugu wanne, kila mmoja na lake. Mwenyewe hakuwa na kauli tena, na hatukuwahi kumuuliza. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Wengi hudhani wosia unatosha. Wosia huanza kazi mtu akishafariki. Kinachohitajika ni maagizo ya matibabu yaliyoandikwa mapema: moyo ukisimama ushtuliwe au la, alishwe kwa mpira au la, na hasa nani amsemee akishindwa kusema. Jimbo la California, Marekani, liliyatambua kisheria tangu 1976. Huku si kujitakia kifo. Mtu anaweza kuagiza kila tiba ijaribiwe, na akabadili mawazo wakati wowote maadamu ana akili timamu. Hata akikataa mashine, bado atatulizwa maumivu.

Nawasihi wenye wazazi wazee waketi nao, wawasikilize bila kuwakatiza. Nakala apewe daktari na huyo msemaji, isifungiwe kabatini.

Msomaji wako