Wanaonyimwa viza si wazembe

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Mambo mengi nimesoma, nikakunja gazeti, nikaenda zangu kazini. Safari hii nimeshindwa. Taarifa yenu ya wiki mbili zilizopita, ile ya Watanzania wanaonyimwa viza za kwenda kutembea Ulaya, ilimaliza kwa kusema tatizo letu ni uzembe: hatujiandai, tunapeleka nyaraka nusunusu, tunakumbuka dakika za mwisho. Mwandishi wenu aliongea na watu wawili wa Dar es Salaam, akatuhukumu wote.

Mimi ni mwongoza wageni katika Mlima Kilimanjaro, mwenyeji wa Marangu. Nilianza mwaka 1994 kama mpagazi, mgumu kama tunavyoitana wenyewe, nikabeba mizigo miaka minne, nikawa msaidizi, kisha mwongozaji mwenye leseni. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, nimefika mara nyingi sana kuliko nilivyofika Dar es Salaam. Mwaka 2016 nilimpandisha mama mmoja mwalimu mstaafu. Tulipofika Gilman's, ukingoni mwa kreta kabla ya kilele, alfajiri, miguu ilimwishia. Nilimshika mkono hadi kileleni, nikamshusha salama. Tangu hapo tunaandikiana kila Krismasi, na kila barua yake inaishia na swali lilelile: lini utakuja uone milima yetu?

Anatoka katika mojawapo ya zile nchi 29 za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja. Sitaitaja, kwa kuwa sina ugomvi na watu wake. Nilitaka kuiona milima ya Alps ambayo nimesimuliwa na wageni maisha yangu yote. Mont Blanc, mrefu kuliko yote kule, una mita 4,800 na kidogo, yaani umekipita kwa kidogo tu kituo cha Kibo, pale tunapopumzika kabla ya kuianza safari ya usiku. Nilitaka kuona theluji inayoshuka hadi karibu na nyumba za watu, na jinsi waongozaji wa kule wanavyofanya kazi. Wiki tatu tu, katikati ya Mei, wakati mlima hauna wageni wengi, nirudi kabla msimu wa Julai haujaanza.

Maandalizi niliyaanza Januari. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Mimi nilipeleka mwanzoni mwa Aprili. Pasipoti niliipata hapahapa Moshi kwa shilingi 150,000, na Uhamiaji nawashukuru. Bima ya safari ya kulipia matibabu hadi euro 30,000 nilikata. Picha nilipiga mara mbili, maana studio zetu zimezoea pazia la bluu na wao wanataka nyuma kuwe peupe; kijana wa studio ikabidi atundike shuka ya kitandani kwake ukutani. Barua ya mwaliko, barua ya mtendaji wa kijiji, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanne, leseni yangu ya kazi, barua ya kampuni inayonipa wageni. Za Kiswahili nililipa zikatafsiriwa. Zote nilizipanga kwenye faili la plastiki la kijani kwa mfuatano nilioelekezwa. Naomba mwandishi wenu anionyeshe uzembe uko wapi hapo.

Maombi yanapelekwa Dar es Salaam, karibu kilomita 560 kutoka Moshi. Niliondoka na basi la alfajiri, Same, Mombo, Korogwe, Chalinze, nikashuka Mbezi jioni na kulala kwa mpwa wangu Kimara. Asubuhi saa moja nilikuwa mlangoni pa ofisi inayopokea maombi.

Binti aliyenipokea dirishani alikuwa na adabu. Aliniamkia, akaniita baba, akapekua faili langu lote bila kukuta kilichopungua. Kazi ilikuja kwenye mashine ya alama za vidole. Mhariri, vidole vyangu vimeshika mawe na vyuma vya baridi miaka thelathini. Ncha zake zimepasuka zikapona, zikapasuka tena, sasa ngozi ni kama gaga la kisigino. Mashine ikavikataa. "Baba, futa mkono ubonyeze tena." Nikafuta. Ikawaka nyekundu. Akanipa karatasi laini, halafu akanimiminia mafuta kidogo kiganjani, nikasugua, nikabonyeza. Nyekundu. Kidole gumba cha kushoto kilikubali mara ya saba. Nyuma yangu foleni ilikuwa inaguna, na kijana mmoja akasema kwa sauti kwamba wazee wengine wangebaki nyumbani tu. Niliionea haya mikono yangu mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kunipata tangu nizaliwe.

Kisha binti akauliza, kwa upole tu: "Baba, hapa umeandika utalii. Ni kutembea tu, hakuna kingine?" Nikamwambia hakuna kingine. Akaandika kitu, nikalipa, nikarudi Marangu.

Wiki tatu baadaye nikapanda basi tena kwenda kuchukua bahasha. Ndani kulikuwa na pasipoti yangu haina kitu, na karatasi ya visanduku. Kiingereza nakijua, ndicho kinachonilisha, kwa hiyo niliisoma mwenyewe nikiwa nimesimama kwenye ngazi, nikairudia mara tatu. Kisanduku kilichotiwa alama kinasema kuna mashaka ya msingi kuhusu nia yangu ya kuondoka katika nchi zao kabla viza haijaisha. Yaani sitarudi.

Mimi nisirudi? Niende nikakae wapi? Kihamba changu, shamba la ukoo lenye nyumba, nilipewa na baba, naye alipewa na babu, na wote wawili wamelala mgombani, hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Mimi ndiye kitinda mimba. Kwa mila zetu nyumba ya wazazi ni yangu kuitunza hadi nami nizikwe palepale. Hakina hati miliki, kama vilivyo vihamba vingi kule kwetu. Mpaka wake ni masale, mimea ya mpaka, aliyopanda babu, kila jirani anayajua na hakuna aliyewahi kuyang'oa. Masale hayapigwi muhuri ukayasukuma dirishani. Nina ng'ombe wawili wa maziwa, mmoja alikuwa anakaribia kuzaa, nina kahawa, nina mke ambaye nimeishi naye miaka 31. Wao wakatazama taarifa ya benki ya miezi sita. Mwongozaji halipwi kwa mwezi, analipwa kwa safari, na tipu anapewa mkononi langoni siku ya kushuka. Ikiingia inakwenda ada, inakwenda dawa ya ng'ombe, inakwenda msibani, inakwenda kwenye bati. Akaunti yangu Agosti ina hela na Aprili imekauka, na ya kila mwongozaji wa mlima huu iko hivyo, kwa sababu masika wageni hawaji. Anayeijua kazi yetu angeliona hilo kwa dakika moja. Asiyeijua ameona mtu anayetaka kutoroka. Na kama ni ushahidi wa kurudi, upo! Kila kundi linalopita lango la Marangu lina kibali chenye jina la mwongozaji, na wageni wanasaini vitabu kwenye vituo vya Mandara, Horombo na Kibo. Kipindi chote hicho nilikokwenda nilirudi, na niliowapeleka niliwarudisha, wengine nikiwa nimewabeba mgongoni. Hakuna aliyeniuliza habari ya vitabu hivyo. Ada ya viza ni euro 90 na hairudishwi ukinyimwa. Ukijumlisha nauli za kwenda na kurudi mara mbili, bima, tafsiri na malipo ya dirishani, zimeniondoka zaidi ya laki saba.

Mwalimu wangu yule, alipokuja mwaka 2016, viza aliipata KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwa dola 50, na usiku uleule akalala Moshi. Sisemi wageni wetu wasumbuliwe. Hao ndio wamenisomeshea watoto, na nitamkemea yeyote atakayependekeza tulipize kisasi kwao. Ninachosema ni kwamba yeye aliaminiwa alipokuja kutembea, nami nilistahili kuaminiwa vilevile.

Kuna jambo jingine ambalo mwandishi wenu hakuligusa, nalo limenikera kuliko taarifa yenyewe. Ni hawa mawakala wa viza waliojaa Moshi na Arusha. Habari za kunyimwa kwangu ziliposambaa, mmoja alinifuata hadi kwenye duka ninaponunulia pumba. Akaniambia: "Mzee, kosa lako akaunti. Mimi nakuwekea milioni kumi wiki mbili, wakishaona nazitoa, unanipa milioni moja na nusu." Hoteli pia angenitengenezea karatasi ya kubuni, na barua ya ajira. Nilimwambia aondoke mbele yangu. Lakini nawajua wagumu wawili, vijana wadogo, waliouza pikipiki zao kumpa mtu wa namna hiyo. Mmoja hata pasipoti yake hajaiona tena. Ombi likigundulika lina karatasi za kughushi, jina linaloharibika ni la kijana, wala si la wakala. Na matangazo yao, Mhariri, yako kwenye ukurasa wenu wa matangazo madogo. "Viza ya Ulaya kwa wiki moja, uhakika asilimia mia." Viza hizo kwa kawaida huamuliwa ndani ya siku 15 na zinaweza kufika 45, na anayeamua ni ubalozi peke yake. Hakuna wakala duniani mwenye uhakika huo. Mnatuita wazembe ukurasa wa mbele, huku ukurasa wa nyuma mkipokea hela za wanaotuibia.

Nina pendekezo, na nimelifikiria vizuri. Balozi hizo zikubaliane zilete afisa na mashine moja ya vidole Arusha, siku mbili, wiki ya pili ya Aprili na wiki ya pili ya Novemba, kwa sababu hizo ndizo nyakati za mvua ambazo waongozaji na wapagazi tuko nyumbani. Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wanadiplomasia wanakuja kila siku, haishindikani. Afisa huyo kabla ya kufungua dirisha apelekwe siku moja Marangu langoni, aone tunavyolipwa na tunavyoandikwa. Leseni ya mwongozaji na kumbukumbu za safari zake kutoka hifadhini zipokelewe sawasawa na hati ya mshahara. Karatasi ya kunyimwa iwe na Kiswahili, maana inasema una haki ya kukata rufaa na wapo wasioweza kuisoma haki hiyo. Na vidole vya watu wa kazi ngumu vitafutiwe mashine inayovisoma. Uhamiaji Moshi walivisoma mara ya pili tu.

Mwalimu ameniandikia kwamba mwaka huu atakuja yeye. Ana umri wa miaka 74, mlimani hatapanda, atakaa kwangu, na mke wangu ameshaanza kupaka rangi chumba cha mbele.

Tangazo la yule wakala wa wiki moja lilitoka tena Jumamosi iliyopita. Naomba Jumamosi ijayo nisilione.

Mwongoza wageni, Marangu, Moshi