Risala ya Kikundi cha Wanawake Washonaji wa Mifarishi ya Viraka, Newala, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa serikali na wa dini, wazee wetu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Pili, tunakushukuru wewe binafsi kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kwetu. Mwaliko ulisema saa tatu nawe umefika saa tano. Wageni rasmi waliokutangulia, kila mmoja kwa siku yake, walifika saa nane. Hilo tumelipokea kwa furaha isiyo kifani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa historia hatutakuchosha. Kikundi kilianzia barazani, kwa mafundi cherehani 8 waliokuwa wakishona sare za harusi, sare za shule na vitenge vya Siku ya Wanawake ya tarehe 8 Machi. Chini ya meza ya kila fundi palikuwa na gunia la mabaki, na nyumbani kila mmoja ana sanduku la vitenge alivyonunua akakosa siku ya kuvishona. Mabaki hayo yaliishia kuwashia mkaa. Na hapa juu uwandani, Juni na Julai ukungu na baridi vikishatufunika, mgeni anayetoka Mtwara mjini huuliza kama bado yuko mkoa uleule. Ndipo tukaanza mifarishi, yaani vifuniko vizito vya kitanda vinavyoungwa kwa viraka.

Mafanikio ni mengi mno. Kutoka wanachama 8 tumefikia 19. Tumetunza mazingira kwa kuondoa taka za vitambaa mitaani. Tumetoa ajira kwa vijana, maana mpwa wa mweka hazina hutukatia vipande kila Jumamosi. Bidhaa zetu zimeingia soko la kimataifa: mfarishi mmoja ulivuka Mto Ruvuma pamoja na bibi harusi, sasa uko Mueda, Msumbiji, na hatujapokea lalamiko lolote.

Mheshimiwa, kabla ya ombi letu tunakuomba uvumilivu kidogo tukueleze mfarishi unavyoshonwa. Kuna kiongozi aliwahi kutushauri tununue cherehani mbili za kawaida badala ya moja tunayoitaka. Alishauri kwa nia njema, ila hakuwahi kuuliza.

Tunaanza kwa kuchambua, pamba huku na poliesta kule, kwa sababu poliesta hainyooki kwa pasi ya moto, hunywea. Kitambaa hufuliwa kabla ya kukatwa, ili kama ni cha kurudi, yaani kusinyaa, kirudi mapema, na kama kinachuja rangi kichujie kwenye beseni. Kitenge chekundu kikichuja baadaye huharibu vyeupe vyote vilivyo jirani yake. Maji hayo tunayanunua kwa ndoo. Suala la maji katika uwanda huu wa Makonde unalifahamu, nasi leo hatuliombi. Kisha tunakata miraba ya inchi 5 kwa kufuatisha kipande cha boksi, tunaiunga kwa kuacha robo inchi kila upande, na mraba unabaki inchi 4 na nusu. Mfarishi wa kitanda cha futi 5 kwa 6 unachukua safu 18 za miraba 16, yaani vipande 288. Mkasi ukiteleza kidogo kwenye kipande kimoja, pembe hazikutani tena mpaka mwisho wa safu.

Hadi hapo cherehani zetu za kukanyaga zinatosha. Kazi inakwama kwenye kushona matabaka matatu kwa pamoja: uso wa viraka juu, blanketi jepesi katikati, bitana chini. Meno ya cherehani ya kawaida huvuta kitambaa cha chini tu. Cha juu hubaki nyuma, na ukifika ukingoni umeshapata makunyanzi, kama sindano haijavunjika njiani. Kwa hiyo tunashona kwa mkono, akina mama wanne wamezunguka jamvi, na mfarishi mmoja unakula wiki kadhaa. Mteja aliyeweka oda Mei anapelekewa Agosti, baridi imeshapungua, naye anataka apunguziwe bei. Tunampunguzia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja: cherehani ya viwandani ya umeme, yenye mguu unaotembea, ule unaovuta kitambaa cha juu sambamba na cha chini. Umeme tunao. Meza yake tulishaichongesha kwa seremala kwa michango ya msimu wa korosho. Ndiyo hiyo iliyo mbele yako, waliyoipangia maua na chupa za maji.

Meza hiyo hatukuichongesha kwa ndoto. Mgeni rasmi wa kwanza alisimama hapa uliposimama wewe, akatuahidi cherehani hiyohiyo, tukapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Tulipokwenda kumkumbusha tuliambiwa yuko safari. Mgeni wa pili alituagiza tuandike andiko. Tuliandika, likarudi kwa kukosa muhuri. Tukapiga muhuri, likarudi kwa kuwa aliyelipokea amehamishwa. Baadaye zililetwa jezi za mpira wa miguu, seti moja. Tunazishukuru, vijana wa mtaani wanazivaa. Wahenga walisema ahadi ni deni, na sisi tumekuwa wadai wapole.

Tunafahamu pia kuwa ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na kwamba asilimia 4 kati ya hizo ni ya wanawake. Hatuikimbii. Tutaiomba kwa ajili ya majora ya bitana na mablanketi ya katikati. Ila kilichoahidiwa kama zawadi mbele ya wazee hawa, tunaomba kisirudi kwetu kikiwa deni la kwetu.

Mheshimiwa, zawadi yako ni mfarishi huu hapa. Uso umekamilika, vipande vyote 288, na kimoja cha katikati ni kanga aliyoitoa mwenyekiti wetu sandukuni mwake. Matabaka hayajashonwa, yameshikiliwa kwa pini tu, hivyo tunaomba usiukunje wala usijifunike kwa ajili ya picha. Wageni waliotangulia tuliwapa iliyokamilika wakaondoka nayo. Wako utabaki juu ya meza hii, na siku cherehani ikifika ndio utakaoshonwa wa kwanza. Tutauleta wenyewe ofisini kwako.

Karibu uzungumze nasi.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama wote.