Barua kwa mwanangu: huyo Rita unayemwita natural

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Na picha ya Rita Hayworth, yule mwigizaji wa zamani wa Hollywood, nimeiona, hayo mawimbi ya nywele ntakuweka siku ya sendofu ya dada yako wala usiwe na wasiwasi, maharusi kibao siku hizi wanaingia saluni na hiyo hiyo "mama nataka Hollywood", mkono umeshazoea. Ila pale ulipoandika eti wanawake wa zamani walikuwa wazuri wa asili, hawakuwa na mambo ya kujitengeneza kama mastaa wa sasa, hapo nimecheka mpaka mteja niliyekuwa namsuka akauliza kulikoni.

Asili ipi? Huyo alizaliwa New York mwaka 1918, Margarita Carmen Cansino, baba yake Mhispania mcheza dansi, na tangu bado binti mdogo alikuwa anapanda nae jukwaani kwenye klabu za Tijuana kule Meksiko. Nywele nyeusi tii, na mstari wa mbele zinapoanzia umeshuka chini kwenye paji la uso. Alipoingia kwenye sinema wakawa wanampa vijisehemu vya msichana wa kigeni tu basi, anacheza kidogo anapita. Sasa studio ya Columbia, bosi wao akiwa Harry Cohn, ikaona hapa kuna hela ila sura "irekebishwe": jina la baba likatolewa likawekwa la upande wa mama, nywele zikapigwa rangi nyekundu, na ule mstari wa mbele ukasogezwa nyuma kwa umeme. Umeme kabisa, sio wembe. Sindano nyembamba inaingizwa kwenye shina la unywele mmoja, umeme unapita, unywele unang'oka, wanahamia wa pembeni yake, hivo hivo unywele mmoja mmoja, na unarudi tena na tena miezi inakatika. Mi ninayeshika vichwa vya watu kila siku najua pale mbele panavyouma hata rasta ikikaza kidogo tu, nikiwaza hiyo sindano mwili unasisimka. Afu ona mambo ya dunia, mwenzio aliteswa ili nywele za mbele ziondoke, nyie mnazimaliza wenyewe kwa kubana rasta na gundi ya wigi.

Ikafika 1941, jarida la Life likatoa picha yake kavaa gauni la kulalia, wanajeshi wa Marekani wakabeba hiyo picha kwenda nayo vitani, eti huyu ndo msichana wa Kimarekani. (Ndo huyo huyo aliyeolewa na Aly Khan mwaka 1949, mtoto wa yule Aga Khan aliyepimwa kwa almasi hapa Dar mwaka 1946, kwa hiyo ukoo wenyewe tunaujua.)

Na huyo angalau alikuwa na ngozi ya kufichika. Lena Horne studio ya MGM ilimchukua 1942, mwanamke mweusi mzuri balaa na sauti juu, wakawa wanampiga picha anaimba peke yake kaegemea nguzo, ili filamu ikienda majimbo ya kusini ya Marekani, ambako weupe hawakutaka kumwona mweusi kwenye sinema, kipande chake kikatwe na hadithi isiharibike. Ikatengenezwa na rangi ya meikapu kwa ajili yake, ikaitwa Light Egyptian, afu Lena mwenyewe akaja kusimulia kwamba rangi hiyo wakapakwa waigizaji weupe waigize watu wa damu mchanganyiko. Filamu ya Show Boat ya 1951, nafasi ya mwanamke wa damu mchanganyiko aliyoitaka yeye akapewa Ava Gardner, mweupe. Hilo mi linaniuma kuliko sindano za Rita.

Maumbo nayo usiniambie. Enzi za Marilyn Monroe namba nane, 1966 akaja mwanamitindo Twiggy kimbaumbau mwiko wa pilau, juzi juzi hapa kila mtu anataka wowowo, sasa hivi matajiri wanajichoma sindano ya wagonjwa wa kisukari ili wakonde, na kuna wakati wagonjwa wenyewe waliikosa dukani.

Utasema mambo yamebadilika, yuko Lupita. Kweli, 2014 kachukua Oscar na jarida la People likamtaja mrembo kuliko wote mwaka ule, na akasimama mbele za watu akasema utotoni alikuwa anamwomba Mungu aamke na ngozi nyeupe. Miaka mitatu baadae jarida la Grazia kule Uingereza likamweka kwenye kava, nywele zake zimefutwa kwa kompyuta na zilizobaki zimelainishwa. Oscar kabatini na bado kichwa chake kinahaririwa!

Ila Rita alikuwa na Cohn wa kumchukia, bosi mwenye jina na sura. We Cohn wako yuko kwenye simu na bando unamnunulia mwenyewe. Ile filta yako nimeijaribu, imenichonga pua na kunipausha rangi bila hata kuniuliza, nikajiona kama shangazi yako aliyekufa.

Na hiyo krimu anayokuuzia rumeti wako, kama kopo halijaandikwa kilichomo, usipake. Mkorogo ukiwa na zebaki hauishii kwenye ngozi, unaenda kwenye figo. Mwambie mama anajua, akibisha anipigie.

Hela ya kodi baba katuma jana, angalia simu.

Mama yako