Shafti inang'aa, lakini ipitishie ukucha

Juma lililopita mteja kutoka Ubaruku alitushushia karakanani shafti ya mashine ya kukobolea mpunga. Mpya, imechongwa kwingine, inang'aa. Beringi zake zilikuwa zimelegea ndani ya mwezi mmoja, naye alishaamini kauziwa feki. Tukamwambia apitishe ukucha kwa urefu, pale beringi inapokaa. Krr-krr-krr. Vituta vidogo vimejipanga kama shamba la viazi kule Uporoto.

Huo ni mtetemo. Kisu cha lethi, mashine inayozungusha chuma ili kisu kikichonge, kikianza kutetemeka kinaacha mawimbi kwenye chuma. Shafti ikizunguka tena, kisu kinayapanda mawimbi yaleyale na kuzidi kutetemeka. Ndiyo maana mashine huanza kwa kuvuma tu, halafu inapiga ukelele hadi majirani hapa Mwanjelwa wanageuka. Beringi ukiivisha hapo inakalia vilele peke yake, na vilele vikilika inalegea. Msasa hausaidii. Unang'arisha vilele, mabonde yanabaki palepale.

Shafti ile ilikuwa na unene wa milimita 50 na urefu wa mita 1.2, yaani mara 24 ya unene wake. Chuma kirefu namna hiyo, hata ukikikamata ncha zote mbili, kisu kikikisukuma katikati kinacheza. Hapo tunafunga stedi, ile yenye vidole vitatu vya kuibana shafti isikimbie. Kisu nacho tunakirudisha ndani ya kishikio kadiri inavyowezekana: ukikitokeza mara mbili zaidi, kwa nguvu ileile kitapinda mara nane.

Wengi wanadhani mashine ikilia dawa ni kupunguza kila kitu. Spidi ya kuzungusha shafti, sawa, ishushe. Lakini mwendo wa kisu, yaani kinavyosogea kwa kila mzunguko wa shafti, ukiupunguza mno, kinasugua badala ya kukata na kelele inarudi. Sisi mara nyingi tunashusha spidi na kuongeza mwendo kidogo (vijana wapya hawaamini mpaka wasikie kimya).

Matundu ya puli na bushi ni hivyohivyo. Nondo ya kutanulia, ile inayobeba kisu ndani ya tundu, ikiwa na unene wa milimita 20 hatuitokezi kupita milimita 80.

Ile ya Ubaruku haikufaa kuchongwa upya. Ingeshuka chini ya 50 na beringi isingeshika. Ilibidi tumchongee nyingine.

Shafti ya zaidi ya mita moja tuletee asubuhi, pamoja na beringi zake. Kufunga stedi na kupima kunakula muda kuliko kuchonga kwenyewe.