Dada, mbeleko ya Mama sikuikata kwa dharau

Dada yangu,

Shikamoo. Naandika hapa kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unausoma kisha unanyamaza. Huku najua unapita, binti yako aliniambia. Basi nisome mpaka mwisho. Ukitaka kukasirika, kasirika baada ya hapo.

Arobaini ya Mama mimi naikumbuka kwa lile sinia la bati lenye maua. Nilikuwa nimepanga juu yake vialamisho ishirini na viwili, vile vipande vya kuwekea alama kitabuni, ili kila aliyekuja kusoma hitima aondoke na kimoja akakiweke kwenye Msahafu wake. Ukatoka chumbani, ukaitambua ile kanga nyekundu niliyovitengenezea kabla sijafungua mdomo. "Hii si mbeleko?" Nikasema ndiyo. Ukalipiga sinia kwa kiganja. Vyote vikamwagika mkekani, mbele ya shangazi, mbele ya majirani wote wa barabara ya nane, na ukasema: "Mama si tambara."

Sinia nimeshalisamehe. Lile neno bado. Shangazi na magoti yake yale ndiye aliyeinama kuviokota, kimoja kimoja, akivipangusa kwa ncha ya mtandio. Wewe ulikuwa umesharudi chumbani, hukuona.

Nilitaka kukueleza siku ile ile, hukunipa nafasi.

Unakumbuka Mama alivyokuwa na wivu na vitabu vyake. Yeye shule hakupelekwa. Kusoma alikupata ukubwani, kwenye kisomo, pale Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima na watu wakaanza kukaa chini ya miembe na vibao vyao. Herufi alizipata kwa taabu, ndiyo maana hakuvumilia mtu akunje pembe ya ukurasa. Mimi nilichapwa kwa hilo, wewe pia. Yeye alikuwa akichana utepe wa kanga iliyochakaa na kuulaza kwenye ukurasa, basi. Nyumba nzima ilikuwa na tepe hizo, kwenye Msahafu, kwenye vitabu vya shule, hata kwenye daftari la madeni ya duka.

Na aliyenionyesha kuzigeuza ziwe kitu kizuri ni nani, Dada? Si wewe? Ulikuwa unaniongoza Ngamiani kwa yule fundi, tunaingia chini ya cherehani kuokota vipande vya vitenge, unarudi kuvibandika kwenye boksi la viatu kwa uji wa ngano. Usiku mmoja mende wakala vyote. Asubuhi ukalia mpaka Mama akauchana utepe wake mwenyewe akakupa. Ile furaha yako sijaisahau, ulilala nao mkononi.

Kwa hiyo nilichofanya ni kile kile chako, nimekirekebisha tu kidogo. Uji wa ngano nimeuacha, wadudu wanaupenda. Natumia gundi nyeupe ya maseremala. Kanga nyekundu naifua kwanza mpaka maji yatoke meupe, maana ikiwa bado inachuja, unyevu wa gundi unaitoa rangi na siku moja inakwenda kwenye karatasi ya kitabu. Fikiria doa jekundu kwenye Msahafu wa mtu. Ikikauka naipiga pasi, nakata karatasi ngumu upana wa sentimita tano na urefu wa kumi na sita, kisha vipande viwili vya kanga vinavyoizidi kidogo kila upande. Hapo kwenye gundi ndipo watu wengi wanapoharibu. Kanga ni nyembamba, si kama kitenge. Ukipaka gundi nyingi inapenya, ikikauka unabaki na mabaka magumu yanayong'aa. Napaka kwenye karatasi, si kwenye kitambaa, naisambaza kwa ukingo wa kadi ya simu mpaka ibaki kama ukungu tu. Nabandika upande mmoja, nageuza, nabandika wa pili, navilaza chini ya vitabu vizito usiku kucha. Nikivikata kesho yake, pembeni napitisha gundi kidogo kwa ncha ya kidole, nyuzi hazitoki. Sindano haigusi. Macho yangu siku hizi hayaoni tundu la sindano, na baada ya msiba hata mikono ilikuwa inatetemeka.

Mnaosoma na mna kanga ya mzazi sandukuni, ndivyo inavyofanywa hivyo. Lakini mnaochangia naye urithi waulizeni kwanza. Mimi sikuuliza.

Ndiyo, Dada, sikuuliza. Ulikuwa Muscat, kwenu usiku umeshakwenda, na mimi nilikuwa na ile mbeleko mapajani tangu magharibi. Wewe uliiona mara ya mwisho ikiwa nzima. Mimi nimeifua miezi saba. Nimemfunika nayo hospitali, nimeitandika chini yake alipokuwa hawezi kugeuka, nimeisugua ikabaki na matundu katikati, pale pale migongo yetu ilipokuwa ikikaa. Katika kanga nzima, pale palipokuwa bado na uhai ni pindoni, kwenye zile korosho zilizochorwa. Kuiweka sandukuni ingekuwa kuwapa panya. Pesa ulikuwa unatuma, kila mwezi, Mungu akulipe, dawa hatukukosa hata siku moja na nilimwambia kila mtu kuwa ni wewe. Ila pesa haikuwa inaijua ile kanga ilivyofika.

Nisamehe, sikutaka kusema hayo mbele za watu. Yamekwisha kutoka.

Kuna kitu hukukiona siku ile kwa hasira. Kwenye vile ishirini na viwili, hakuna hata kimoja chenye herufi. Kaa uvikumbuke. Korosho zipo, ule mstari mweusi wa pindo upo, herufi hakuna. Jina la kanga sikulikata vipande. WEMA HAUOZI, maneno yale tuliyokuwa tunayasoma mgongoni kwake akiinama kuwasha jiko, wewe ukinionyesha kwa kidole hii ni W, hii ni E. Nimelikata likiwa zima, ukanda mmoja, nikaufua, nikaupiga pasi. Tangu siku ile ulikuwa ndani ya mto wangu.

Sasa nimekutumia wewe. Anao binti wa jirani yetu wa nyuma, anasafiri Jumapili, umefungwa kwenye karatasi ya kahawia pamoja na kile kialamisho shangazi alichokiokota mwisho, chini ya mguu wa kitanda. Korosho yake imekatika katikati, nilikosea kupima. Ukitaka kuubandika ukanda, tafuta karatasi ndefu uukunje mara mbili, usiukate, herufi zitabaki zote. Usipotaka, ulaze vile vile ulivyo kwenye Msahafu wako.

Wa Mama ninao mimi. Utepe wake umo kwenye Sura Maryam, alipoishia, na sijauondoa. Ukija tutasoma kuanzia hapo.

Mdogo wako.