Malalamiko Rasmi Kuhusu Mlivyomtendea Mdogo Wangu Akiwa Ndani ya Deraya

Kariobangi,
Nairobi.

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Idara ya Maonyesho na Kumbi,
Nairobi.

Bwana Mkurugenzi,

KUH: KUVULIWA HELMETI KWA NGUVU KWA MVAAJI WA DERAYA YANGU KATIKA UKUMBI WENU, NA UHARIBIFU ULIOFUATA

Ninakuandikia kwa heshima inayostahili cheo chako. Ninaomba barua hii uisome wewe mwenyewe badala ya kuirudisha kwenye dawati la huduma kwa wateja, kwa kuwa dawati hilo limekwisha kunijibu, na jibu lake ni sehemu ya malalamiko yangu.

Jumamosi alasiri, kwenye mlango wa kupandia jukwaani, msimamizi wenu wa ulinzi alichomoa waya wa betri mgongoni mwa deraya, yaani vazi la kivita la maonyesho nililolitengeneza mimi, ambayo mdogo wangu alikuwa ameivaa, kisha akawaamuru walinzi wawili waivute helmeti mpaka itoke. Helmeti hiyo hufungwa kwa pete ya shingoni ambayo ni lazima izungushwe kabla ya kuinuliwa. Haikuzungushwa, ilivutwa. Waya ulipochomoka, feni mbili ndogo zinazompa mvaaji hewa zilizimika na kioo cha usoni kikajaa ukungu wa pumzi zake. Mota za mabegani nazo zilikwama huku zimeinua mabamba yote mawili, kwa maana ni mota ambazo gia yake hairudi nyuma umeme ukikatika, na kwa hiyo kijana hakuweza kushusha mikono wala kujishika shingo. Alipiga kelele, na sauti yake ikatoka kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya tangi la maji. Nilimwambia msimamizi wenu kwamba kijana hapati hewa. Alinijibu, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri zamu zao: "Toa kichwa kwanza, mengine tutaongea baadaye."

Kanuni zenu za waonyeshaji mnazijua kuliko mimi. Mnajua zinasema nini kuhusu mahali pa kukagulia mavazi makubwa, nani anayeruhusiwa kuyagusa, na kwamba mwenye vazi awepo na ahusishwe. Mnajua pia kwamba fomu yangu ilipigwa mhuri na ofisi yenu, na kwamba deraya ilikaguliwa Ijumaa jioni tulipokuwa tukipanga kibanda, ikabandikwa kibandiko cha kijani kwenye bega la kushoto. Kibandiko hicho kilikuwepo Jumamosi, na bado kipo hadi leo, kwenye kipande cha bega kilichovunjika. Jumamosi hiyo hiyo asubuhi, wafanyakazi wenu wenye beji shingoni walikuja kibandani kwetu, wakasimama kando ya mdogo wangu na kupigwa picha naye akiwa ndani ya deraya hiyo hiyo. Kilichokuwa salama asubuhi kiligeukaje kuwa hatari alasiri, ilhali hakuna kilichokuwa kimebadilishwa?

Msimamizi wenu ameandika katika ripoti yake, ambayo nilionyeshwa mezani lakini nikanyimwa nakala, kwamba mdogo wangu alikuwa amevaa "kifaa cha kijeshi chenye uwezo usiojulikana". Uwezo wake ulikuwa umeelezwa kwenye ubao wa kibanda chetu kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa. Deraya ile ni ya askari wa kubuni, mlinzi wa mgodi wa barafu kwenye mwezi mmojawapo wa sayari ya Mshtarii, katika hadithi tuliyoitunga sisi wenyewe. Mabamba yake ni ya sponji ngumu iliyopakwa rangi ya chuma, mifupa yake ni mabomba ya plastiki, na nguvu zake zote zinatoka kwenye mota mbili za waipa za gari nilizozinunua Kirinyaga Road. Kazi ya mota hizo ni kuinua mabamba ya mabega ili watazamaji waone jinsi yanavyofunguka. Haziwezi kumdhuru mtu yeyote aliye nje ya deraya.

Ubao huo huo ulieleza kwa nini deraya ya kweli ya namna hii haimo katika jeshi lolote. Tangu riwaya moja ya Kimarekani ya mwaka 1959 ilipomweleza askari aliyevaa mashine inayomwongezea nguvu za mwili, wahandisi wamejaribu kuitengeneza kwa vyuma. Mwaka 1965 kampuni ya General Electric ilianza kuunda mashine ya kuvaliwa iliyoitwa Hardiman, yenye uzito wa kilo 680 hivi, ambayo ilikusudiwa kumwezesha mtu kuinua mzigo unaokaribia uzito huo. Walichofanikiwa kukitumia ni mkono mmoja. Mashine nzima ilipowashwa, viungo vyake vilitikisika kwa nguvu bila kudhibitika, kwa hiyo haikuwahi kuwashwa yote ikiwa na mtu ndani. Vazi jingine la kumwongezea askari nguvu, lililoitwa XOS 2 na kuonyeshwa mwaka 2010, lilitegemea nguvu zilizoletwa kutoka nje kwa kebo, na askari hawezi kwenda vitani akiburuta kebo. Mwaka 2013 kamandi ya vikosi maalumu vya Marekani ilianzisha mradi wa deraya uliojulikana kama TALOS, na kufikia mwaka 2019 wakuu wake walikiri kwamba vazi kamili la kupigania halikupatikana. Ikiwa jeshi lenye bajeti kama ile limeshindwa, hakuna mtu mwenye akili timamu aliyekuwa na sababu ya kuamini kwamba karakana yangu ya Kariobangi imeweza. Sikubali hofu itolewe kama kisingizio.

Nimeyataja hayo kwa sababu yote yanafundisha jambo moja, nalo ndilo kiini cha barua hii. Mtu wa kwanza kuhatarishwa na vazi la aina hii ni yule aliye ndani yake. Yeye ndiye anayebeba uzito, joto linabaki naye, na jambo likiharibika hawezi kutoka mwenyewe. Wahandisi wa Hardiman walilielewa hilo, na ndiyo maana hawakumweka mtu ndani. Mimi pia nililielewa, na ndiyo maana kabla sijakata hata bamba moja nilishona mkanda mwekundu kifuani, upana wa kiganja, ulioandikwa VUTA HAPA KUFUNGUA. Ukiuvuta, kifua kinaachana, pete ya shingo inalegea, na mvaaji anatoka kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Ofisa wenu aliyetukagua Ijumaa aliuvuta mwenyewe akauona unavyofanya kazi.

Sasa nirudi kwenye mlango ule wa jukwaani, kwa sababu ripoti ya msimamizi wenu inasema kwamba helmeti "iliondolewa kwa ushirikiano wa mvaaji", na maneno hayo si ya kweli. Mkanda mwekundu ulikuwa mbele ya macho yao. Mlinzi wa kulia alikuwa ameweka goti lake karibu nao kabisa ili apate nguvu za kuvuta. Mimi nilipaza sauti, "Vuta mkanda mwekundu! Vuta mkanda, atatoka!" Mfanyakazi wenu wa kike alinishika mikono yote miwili na kunisukuma hadi ukutani, akisema nisiingilie kazi ya ulinzi. Kutoka hapo ukutani niliiona shingo ya mdogo wangu ikivutwa juu pamoja na helmeti, visigino vyake vikaacha sakafu, kisha wakamlaza chini kifudifudi na kuendelea kuvuta. Mikono yake ilikuwa bado imenyanyuliwa na mabamba yaliyokwama, kwa hiyo alianguka bila kujikinga. Kelele zake zilikoma. Nilidhani amekufa, Bwana Mkurugenzi. Naomba uisome sentensi hiyo tena kabla hujasoma inayofuata. Pete ilipasuka, helmeti ikatoka na damu ya sikio lake ndani yake, na msimamizi wenu akainama, akachungulia ndani ya helmeti, wala si usoni mwa kijana. Aliyeuvuta mkanda mwekundu hatimaye ni mwonyeshaji wa kibanda jirani, ambaye hakuwa na beji wala mafunzo yoyote ya ulinzi. Aliusoma tu.

Hakuna mfanyakazi wenu aliyetuletea sanduku la huduma ya kwanza. Tulimbeba wenyewe hadi kwenye teksi. Daktari aliandika kwamba misuli ya shingo imejeruhiwa, kwamba sikio la kushoto limechanika nyuma, na kwamba kijana avae kola ya shingo na asinyanyue vitu vizito. Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma na riziki yake ni kunyanyua vitu vizito. Usiku anaamka akijishika koo. Tuliporudi Jumapili kuchukua mali yetu, tulikuta kibanda kimefunguliwa, ubao umeng'olewa, na deraya imesukumwa nyuma ya mapipa ya taka ikiwa na bega lililovunjika, nyaya zilizokatwa na kioo kilichopasuka. Kodi ya kibanda nilikuwa nimeilipa kikamilifu hadi Jumapili saa kumi na mbili jioni.

Mlinzi mmoja alinieleza siku hiyo, nadhani akitaka kunituliza, kwamba sheria ya Kenya hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi. Ninaijua sheria hiyo, kwa kuwa kutengeneza mavazi ya jukwaani ndiyo kazi yangu. Kanuni ya Adhabu inakataza sare za majeshi yetu na mavazi yanayofanana nazo, na sheria hiyo hiyo inaruhusu mavazi yanayovaliwa katika mchezo wa jukwaani. Deraya yangu haifanani na sare yoyote ya Kenya, haina alama ya kikosi chochote kilichopo duniani, na ilivuliwa hatua chache kutoka kwenye jukwaa mlilotukodishia ninyi wenyewe. Hata kama ingekuwa sare halisi, sheria haimpi mlinzi wa ukumbi ruhusa ya kumnyonga mtu kwa vazi lake.

Nilipopiga simu, niliambiwa niandike ujumbe. Nilipoandika ujumbe, nilijibiwa kwamba kampuni "inasikitishwa na usumbufu uliojitokeza" na kwamba ninakaribishwa kuchukua tiketi mbili za bure za maonyesho yajayo. Usumbufu ni umeme kukatika au foleni kuwa ndefu. Kijana aliyevutwa shingo hadi akanyamaza hakusumbuliwa. Alijeruhiwa, na aliyemjeruhi ni mtu mnayemlipa mshahara. Tiketi hizo sizitaki, na ninaomba nisitumiwe tena.

Ninachotaka nilikieleza kwa unyenyekevu katika ujumbe wangu huo: nirudishiwe kodi ya kibanda, Sh28,000, nilizolipa kwa M-Pesa, na mgharamie matibabu. Hilo lilikuwa ombi langu kabla sijasoma ripoti yenye maneno "kwa ushirikiano wa mvaaji". Baada ya kuisoma, ninataka pia gharama ya kuitengeneza deraya upya, kwa hesabu ya vifaa na ufundi ninayoiambatanisha hapa, pamoja na mapato ambayo mdogo wangu ameyakosa kwa muda wote ambao daktari amemzuia kufanya kazi. Ninataka ripoti hiyo ifutwe na iandikwe nyingine inayosema ukweli, nami nipewe nakala yenye mhuri. Ninataka picha za kamera iliyo juu ya mlango wa jukwaa zihifadhiwe bila kuguswa, na tangu leo mhesabu kwamba mmepewa notisi rasmi ya kuzihifadhi. Aidha, ninataka mdogo wangu aombwe radhi ana kwa ana na msimamizi huyo, wewe ukiwepo, na radhi hiyo hiyo isomwe jukwaani siku ya kufungua maonyesho yenu yajayo, kwa sababu alidhalilishwa hadharani.

Ninawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Msiponijibu kwa maandishi, nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni na ambako ninaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Nitaegemea Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachomlinda mtumiaji wa huduma kiafya na kiusalama, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012. Malalamiko mengine nitayapeleka kwa mamlaka inayosajili na kudhibiti walinzi wa kibinafsi, nikiuliza kama walinzi wale wawili na msimamizi wao wamesajiliwa na wamefunzwa wapi. Polisi nao watapata taarifa ya shambulio, kwa kuwa ripoti ya daktari ninayo na watu waliorekodi kwa simu zao wamekubali kunipa video zao. Mwonyeshaji wa kibanda jirani yuko tayari kutoa ushahidi. Nimeanza pia kuwatafuta watengenezaji wengine wa mavazi hapa Nairobi waliowahi kukodi vibanda kwenu, na nitawaomba wasipeleke mtu yeyote aliyevaa helmeti katika ukumbi wenu mpaka jambo hili litakapoamuliwa.

Nimeambatanisha risiti ya kodi, nakala ya fomu yenye mhuri wenu, ripoti ya daktari, hesabu ya vifaa, na picha za pete iliyopasuka na za mkanda mwekundu. Helmeti yenyewe sijaisafisha. Nitaileta kama ilivyo, siku na mahali mtakapotaja kwa maandishi.

Wako mwaminifu,

Mtengenezaji wa mavazi ya jukwaani,
Kariobangi Light Industries.

Nakala: Mkuu wa Ulinzi wa Ukumbi, Ofisa wa Mikataba ya Waonyeshaji.