Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka 2025 na Mizigo ya Kongo

Ndugu wanachama, wazee wetu mlioanzisha chama hiki cha wenye malori, na madereva mliofika pamoja na matajiri wenu,

Katika mkutano uliopita nilizungumza kwa kirefu kuhusu mpaka wa Kasumbalesa, ambao Zambia iliufunga Agosti 2024 baada ya Kongo kuzuia bia na soda kutoka Zambia. Ulifunguliwa baada ya siku chache, na wengi tukaamini kwamba baya la kuona tumeshaliona. Mwaka 2025 barabara ilikuwa wazi, magari yalikuwa mazima, madereva walikuwepo, na bado tuliegesha. Kwa hiyo taarifa hii haitaanza na ada wala mizani. Nitaanza na nchi yenyewe tunayoihudumia kutoka Bandari ya Dar es Salaam: inauza nini, inanunua nini, na kwa nani. Nimegundua kwamba wengi wetu, mimi nikiwemo, tumebeba mizigo ya Kongo kwa miaka mingi bila kuijua biashara yake.

Kuanzia tarehe 22 Februari 2025 Serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilizuia kobalti yote, madini yanayotumika kwenye betri, isipelekwe nje ya nchi kwa miezi minne. Nilipigiwa simu usiku na mwanachama mwenye magari mawili tu, yote yako Kolwezi, mji wa migodi kule Kongo, yakisubiri kupakia, na mkopo wa benki unamsubiri. Aliniuliza, "Mwenyekiti, hili litaisha lini?" Sikuwa na jibu. Miezi minne ilipokwisha mwezi Juni, wakaongeza mitatu.

Sababu yenyewe haikuwa siri. Kule mkoa wa Lualaba, uliko Kolwezi, kobalti hutoka pamoja na shaba kwenye udongo uleule, kwa hiyo mgodi ukikimbiza shaba, kobalti nayo inaongezeka, iwe inatakiwa sokoni au haitakiwi. Migodi ya Tenke Fungurume na Kisanfu, iliyo chini ya CMOC ya China, ilipanua uzalishaji kwa kasi, na soko likajaa. Ratili moja (karibu nusu kilo) ya kobalti iliyokaribia dola 40 mwaka 2022 ilikuwa imeporomoka hadi kama dola 10 mwanzoni mwa 2025. Nchi inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia nzima ilikuwa inauza mali yake kwa bei ya kutupa.

Hapa naomba niseme jambo ambalo najua halitawapendeza wote. Kongo ilifanya sawa. Ilituumiza, na nimeona nyumba za wenzetu zilivyoyumba, lakini kama ningekuwa na shamba linalolisha soko lote peke yangu na walanguzi wananipangia bei, ningefunga ghala. Kufikia mwisho wa mwaka bei ilikuwa imepanda zaidi ya maradufu. Ukiwa na mwenye mali mwenye nguvu kiasi hicho, msafirishaji mwenye busara anajifunza kumsoma.

Zuio lilipoondoka, nafasi yake ilichukuliwa na mgao. Kuanzia tarehe 16 Oktoba, kilichoruhusiwa kutoka hadi mwisho wa 2025 kilikuwa tani 18,125, na kwa mwaka 2026 na 2027 ni tani 96,600 kila mwaka. Pimeni hizo na mwaka 2024, ambapo nchi ilizalisha takriban tani 220,000. Maana yake kwa miaka miwili mzigo wa kobalti hautafika hata nusu ya tuliouzoea. Na mgao huo wamepewa wenye migodi, kila mmoja na kiasi chake. Msafirishaji hana mgao. Mwanachama anayesaini mkataba wa kubeba kobalti bila kumuuliza mteja wake ana tani ngapi na ameshatumia ngapi anasaini karatasi tupu. Taratibu mpya za malipo na vibali nazo zilikula wiki nyingi, kwa hiyo hata Oktoba ilipofika, mifuko ile mikubwa haikuanza kushuka kama tulivyotarajia.

Shaba haikuguswa, na ndiyo iliyotubeba. Mwaka 2024 Kongo ilivuka tani milioni 3 za shaba na sasa ni ya pili duniani baada ya Chile, ikiwa imeiacha Peru nyuma. Bei ya shaba mwaka 2025 ilivunja rekodi. Desemba tani moja ilipita dola 12,000. Ndiyo maana wezi wa njiani wameongezeka ujasiri. Gari moja la mabamba ya shaba, tani thelathini hivi, ni utajiri unaotembea barabarani na kijana mmoja usukani. Mwenzetu mmoja alipoteza mzigo mwaka huu kabla gari halijavuka mpaka wa pili, na kampuni ya bima ilimzungusha kwa miezi. Kamati imeshika suala lake na sitalizungumza zaidi hapa.

Mwezi Mei mgodi wa shaba wa Kakula, ulio karibu na Kolwezi, ulitikiswa chini ya ardhi, maji yakaingia, na matarajio ya kampuni yake, Kamoa-Kakula, ya tani 520,000 hadi 580,000 kwa mwaka yakashushwa hadi kati ya 370,000 na 420,000. Wale mnaowabebea mliliona pengo hilo kwenye ratiba zenu. Lakini habari kubwa ya mgodi ule ilikuja Desemba, na karibu hakuna mwanachama aliyeniuliza habari zake. Nataka tukae nayo kidogo.

Kamoa-Kakula wamewasha mtambo wa kuyeyushia makinikia palepale Kolwezi, wenye uwezo wa tani 500,000 za shaba kwa mwaka. Sote Watanzania tunalijua neno makinikia tangu 2017, tulipogombania yetu. Makinikia yao, karibu nusu ya uzito ni shaba, nusu nyingine ni mawe, chuma na salfa. Kwa miaka kadhaa tumelipwa kusafirisha mawe hayo zaidi ya kilomita 2,000 hadi baharini. Shaba inayotoka kwenye mtambo ni safi kwa asilimia 99.7. Mawe yanabaki Kolwezi. Kwa shaba ileile, safari zinapungua karibu nusu.

Na haiishii hapo. Salfa inayotolewa kwenye makinikia inageuzwa kuwa tindikali ya salfa, hadi tani 700,000 kwa mwaka, na itauzwa kwa migodi ya jirani inayoitumia kuyeyusha shaba kutoka kwenye udongo. Sasa, ndugu zangu, tunapopanda kwenda Kongo tunapanda na nini? Wengi tunapanda na salfa, ile ya njano inayoshushwa bandarini ikitoka nchi za Ghuba, ambayo migodi huichoma ili kupata tindikali hiyohiyo. Tani moja ya salfa hutoa tani tatu hivi za tindikali. Gawanyeni 700,000 kwa tatu, mtapata kama tani 230,000 za salfa. Kwa gari la tani 30 hizo ni zaidi ya safari 7,500. Sisemi zote zitatoka mikononi mwetu, kwa sababu sehemu ya tindikali hiyo itachukua nafasi ya ile iliyokuwa ikitoka Zambia. Nasema mtambo mmoja unaweza kutugusa tukipanda na tukishuka. Malori yetu yameshiba kwa sababu Kongo ilikuwa ikiuza udongo. Wakongo wana haki ya kuuza shaba iliyokamilika, na nawaombea wafanikiwe. Sisi tujiandae.

Tujiandae kwa nini? Tazameni wanachonunua. Mafuta ya gari na mitambo ni ya kwanza. Tenki zetu zitaendelea kupanda. Kuna mashine na vipuri, matairi, na chokaa wanayoichukua zaidi Zambia. Halafu kuna chakula. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 100 na mto mkubwa kuliko yote Afrika kwa wingi wa maji inanunua unga wa mahindi, mchele, sukari, mafuta ya kula na samaki wa kugandishwa. Kabla ya uhuru wa 1960 ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mafuta ya mawese duniani. Leo bukari, kama wanavyouita ugali kule Lubumbashi, mara nyingi imetokana na mahindi ya Zambia, Afrika Kusini au ya kwetu. Mvua ikikosekana Zambia, bei ya unga Katanga inapanda wiki hiyohiyo. Wakulima wa Songwe na Rukwa wako kando ya barabara tunayopita kila siku, na magari mengine yanapita pale yakiwa na nafasi. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye riziki ambayo mtambo wa Kolwezi hauwezi kuichukua.

Kuhusu washirika wao, China ndiyo mnunuzi wa zaidi ya nusu ya kila kinachouzwa, na pia ni muuzaji mkubwa wa mashine na bidhaa zinazoingia. Mkataba wa Sicomines wa mwaka 2008, madini kwa barabara na majengo, ulijadiliwa upya Machi 2024 na fungu la miundombinu likafikishwa dola bilioni 7. Afrika Kusini na Zambia ndizo zinazofuata kwa bidhaa zinazoingia kusini. Falme za Kiarabu huchukua sehemu kubwa ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Marekani imeingia kwa nguvu, na tarehe 4 Desemba 2025 ilisaini na Kinshasa makubaliano ya ushirikiano kuhusu madini. Almasi ya Mbuji-Mayi, petroli ya Muanda na dhahabu ya Kibali vina njia zake, havitufikii.

Marekani ninaitaja kwa sababu ya Lobito. Reli ya kutoka mpaka wa Angola hadi bandari ya Lobito, kilomita 1,300 na ushei, iko chini ya waendeshaji wapya wenye mkataba wa miaka 30. Kutoka Kolwezi hadi Atlantiki ni takriban kilomita 1,700, bila kukanyaga Zambia. Kwa shaba inayokwenda Ulaya na Marekani hiyo ni njia ya mkato. Kwa inayokwenda China, Dar es Salaam bado iko upande sahihi wa dunia, na mnunuzi mkuu bado ni China. Sioni sababu ya hofu, lakini bei zetu za usafirishaji zitapimwa na reli hiyo kila mwaka.

Upande wetu kuna TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Mkataba wa Septemba 2025 na kampuni ya China unaweka dola bilioni 1.4 kufufua kilomita 1,860 zilizojengwa enzi za Mwalimu na Mzee Kaunda. Baadhi yenu mmekuja kuniambia reli ikifufuka tumekwisha. Reli hiyo inaishia Kapiri Mposhi, Zambia. Kutoka hapo hadi Kolwezi mzigo mwingi bado unahitaji lori, na safari fupi kama hiyo gari linaweza kuirudia mara kadhaa kwa mwezi badala ya kukaa wiki tatu njiani. Mwenye magari mawili huenda akafaidi zaidi kwa kuyaweka Kapiri kuliko kuyashindanisha na behewa.

Mashariki ya Kongo nitapita haraka, kwa huzuni. Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari, Bukavu Februari, na Desemba vita vikafika Uvira. Wanachama mnaovusha mizigo kwa ziwa kutoka Kigoma kwenda Kalemie mmefanya kazi kwa ujasiri. Hakikisheni mwenye mzigo anatajwa kikamilifu kwenye hati, na msipokee madini yasiyo na karatasi za asili yake, hata kwa rafiki.

Mambo ya ndani ya chama. Hesabu zitasomwa na mhazini baada yangu. Ada zimelipwa vizuri kuliko nilivyotarajia katika mwaka wenye miezi ya kuegesha na zile siku za vurugu za uchaguzi mwishoni mwa Oktoba ambapo kila mtu alizuia gari lake nyumbani. Waliochelewa kwa sababu ya kobalti kamati imewaongezea muda hadi Juni, na hatutamfuta mtu. Tulimzika dereva wetu mmoja mwezi Agosti. Mfuko wa rambirambi umefika kwa mjane wake, na watoto wawili wako shuleni.

Kamati inaleta mapendekezo mawili. Kwanza, tuajiri karani anayesoma Kifaransa. Madereva wetu wanaelewana na watu wa Lubumbashi kwa Kiswahili tangu zamani, lakini matangazo ya serikali, vibali na orodha za mgao huandikwa kwa Kifaransa, na mwaka huu tulizipata habari hizo kwa kuchelewa, kupitia kwa watu wa kati. Kazi ya kwanza ya karani iwe kuandaa ukurasa mmoja kila mwezi kwa kila mwanachama: kilichoruhusiwa kutoka, kilichozuiwa, na bei ya shaba na kobalti. Pili, wajumbe wanne waende Lubumbashi, Likasi na Kolwezi mara mvua zikipungua, wakutane na wanunuzi wa nafaka na wenye maghala, na wakaulize kule kwenye mtambo watahitaji nini ambacho hawakukihitaji jana. Fedha za safari hiyo ziko kwenye bajeti mliyogawiwa, ukurasa wa mwisho. Kura itapigwa baada ya mhazini.

Mwenyekiti